Ijue cherehani ya mama kabla ya kuiuza kwa kilo



Pengine kwenu iko pembeni mwa nyumba, imefunikwa kitambaa, na juu yake mmeweka redio au sahani. Ni cherehani ya mama, au ya bibi. Ni nyeusi na nzito, na maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika. Haijashona tangu siku nyingi. Kisha siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mizani yake, na mmoja wenu anasema: "Tumupatie tu, hii haina tena kazi."

Ngojeni kwanza.

Mara nyingi cherehani hiyo haijafa. Inakosa kitu kidogo: sindano inayoifaa, kigurudumu cha uzi wa chini, mkanda, au mguu wa kukandamiza kitambaa. Kitu hicho pengine kiko sokoni hata leo, lakini mtu aliyekwenda kukitafuta hakujua kusema anatafuta cha mashini gani. Leo tujifunze pamoja namna ya kuijua cherehani ya zamani, na namna ya kuitafutia vyombo vinavyolingana nayo.

"IKO NYEUSI TU"

Tuchukue mfano. Dada mmoja anakaa Misisi, kule Fizi, kwenye machimbo ya dhahabu. Mama yake wa Uvira amemupa cherehani yake ya zamani. Ni zawadi kubwa, maana machimboni suruali zinapasuka magoti kila siku, mashuka yanachanika, watoto wanataka nguo za shule. Mwenye cherehani inayotembea hakosi chakula, na hana haja ya kushuka shimoni. Lakini cherehani imepoteza kile kikombe kidogo cha chuma kinachobeba uzi wa chini. Basi dada anafunga safari mpaka soko la Uvira.

"Papa, niko natafuta nyumba ya kanete."

"Ya mashini gani, binti yangu?"

"Ya kushona."

"Hiyo najua! Iko Singer? Iko Butterfly? Iko ya namba gani?"

"Sijue, papa. Iko nyeusi tu."

Muuzaji anacheka, kwani cherehani nyingi za zamani ni nyeusi. Anatafuta kwenye sanduku lake, anatoa kimoja kinachofanana. Dada analipa, anapanda gari, anapita Makobola, Mboko na Baraka, anafika Misisi amejaa vumbi. Kinakataa kuingia. Pesa ya chombo imepotea, na pesa ya njia pia. Mwezi wa pili anajaribu tena, na tena kinakataa. Mara ya tatu anasema: "Mashini imekufa."

Haikufa. Ilikuwa inaitwa kwa jina la mashini nyingine.

ZILIFIKA NAMNA GANI KWETU?

Kampuni ya Singer ilianza Marekani mwaka 1851. Baadaye ilijenga kiwanda kikubwa sana pale Kilbowie, katika mji wa Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilifanya kazi tangu 1885 mpaka 1980, na cherehani nyingi za Singer zinazoonekana Afrika zilitoka huko.

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kushona kulifundishwa katika misheni na katika nyumba zilizoitwa foyer social. Jirani yetu Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, foyer social ilifunguliwa mwaka 1946. Wanawake walijifunza humo kushona, kutia viraka na kutunza nyumba. Bibi wengi wa pande hizi za ziwa walipata ufundi wao katika shule za namna hiyo.

Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya Japani vilianza kutengeneza kwa wingi cherehani zilizofuata umbo la Singer namba 15. China nayo ikafuata umbo hilo hilo. Butterfly ya Shanghai, ile yenye picha ya kipepeo, ni ndugu wa ukoo huo. Nyingi za China zina herufi JA katika jina la namna yake.

Hapa kuna jambo la kushika sana. Jina lililoandikwa kwa rangi mbele ya cherehani si jambo la kwanza. Wajapani waliuza cherehani zile zile kwa majina mengi, kila mfanya biashara akiweka jina alilopenda. Tena rangi inafutika, na mtu anaweza kubandika jina lingine. Lakini mwili wa cherehani haudanganyi. Uulize mwili maswali matano.

SWALI LA KWANZA: NAMBA IKO WAPI?

Chukua kitambaa chenye mafuta kidogo, pangusa upande wa kulia wa kitako cha cherehani, karibu na nguzo. Kwenye Singer za zamani utakuta namba iliyopigwa ndani ya chuma. Usipige msasa! Pangusa polepole.

Kwa kawaida, namba isiyo na herufi yoyote mbele ni ya kabla ya mwaka 1900. Inayoanza na Y ilitoka Clydebank kati ya 1921 na 1935. Inayoanza na E pamoja na herufi nyingine, kama EA au EF, ilitoka Clydebank pia, tangu 1935 na kuendelea.

Namba hiyo inakuambia umri wa cherehani. Haikuambii moja kwa moja namna yake. Namna yake ni kama 15K, 28K, 66K, 99K au 201K, na mara nyingine imeandikwa kwenye kibati kidogo. Ile K ni ya Kilbowie. Ukikuta kibati, shukuru, andika. Kama hakuna, endelea na swali la pili, maana ndilo linalofungua mlango.

SWALI LA PILI: UZI WA CHINI UNAKAA NAMNA GANI?

Kigurudumu cha uzi wa chini tunakiita kanete, wengine wanasema bobini. Fungua kibati kilicho chini ya sindano, utazame. Utakuta moja ya namna hizi tatu.

Namna ya kwanza: kanete inakaa ndani ya kikombe cha chuma, imesimama wima, na kikombe unakitoa kwa kukivuta kwa chini upande wa kushoto. Hiyo ni Singer 15, au mmoja wa ndugu zake wa Japani na China. Kwenye nyingi za ukoo huu, kile kikaza uzi chenye sahani mbili kiko ubavuni, kimeelekea kushoto. Kanete yake ina pande mbili zilizo sawa kama sahani ya bapa.

Namna ya pili: unatelezesha kibati, unaona kanete imelala chini kama sarafu, unaichukua kwa vidole kutoka juu. Hiyo ni ya ukoo wa 66. Ndugu zake ni 99, ambayo ni ndogo, na 201. Kikaza uzi chao kiko mbele, kinakutazama wewe unayeshona. Kanete yao ina pande zilizovimba kidogo.

Namna ya tatu: hakuna kikombe wala kanete ya mviringo. Kuna naveti ndefu yenye ncha, mfano wa mtumbwi mdogo, inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Ndani yake kuna kijiti chembamba chenye uzi. Hiyo ni Singer 27 au 28, na ndugu zao 127 na 128. Naveti za namna hii zenyewe hazilingani zote, kwa hiyo usinunue bila kuilinganisha na ile ya zamani.

Wengi wanaanguka hapa. Kanete ya 15 na kanete ya 66 zina upana karibu sawa, kama milimita 20. Ukiziona mbalimbali utasema ni moja. Ukitia ya 15 ndani ya 66, inaweza kuingia, hata kuzunguka, kisha uzi unafungamana chini na kukatika. Utalaumu uzi, utalaumu sindano, utalaumu hata jirani! Weka kanete juu ya meza iliyo sawa, utazame ubavu wake: ni bapa au imevimba? Jibu liko hapo.

Hata nyumba za kanete za 15 ni za namna mbili. Kila moja ina kidole kidogo kinachotokeza juu, lakini nyingine kidole kimeegemea kushoto, nyingine kulia. Kama haiingii, usishindilie. Utavunja kisichonunuliwa kirahisi.

SWALI LA TATU: SINDANO YAKE NI IPI?

Toa sindano ya zamani, utazame sehemu nene ya juu. Kama upande mmoja umekatwa bapa, ni sindano ya nyumbani. Kwenye pakiti imeandikwa 15x1, au 130/705 H, au HAx1. Maandishi ni matatu, sindano ni moja. Singer 15, 27, 28, 66, 99 na 201 zote zinatumia hiyo, na za Kichina za ukoo wa 15 pia.

Kama sehemu ya juu ni mviringo kabisa, hiyo ni ya mashini za kiwanda. Pakiti yake inaweza kuandikwa DBx1. Usiitie katika cherehani ya nyumbani, hata kama bei yake iko chini. Itapiga chuma, itavunjika, na kipande kinaweza kuruka usoni.

Kisha unene. Namba 80 na namba 12 ni kitu kimoja. 90 ni 14. 100 ni 16. 110 ni 18. Namba 90 maana yake unene wa sindano ni milimita 0.90. Kwa kitenge cha kawaida chukua 80 au 90. Kwa suruali nzito za kazi ya machimbo chukua 100 au 110, na ushone polepole.

Na upande bapa uelekee wapi? Kwenye cherehani hizi haufanani. Shika kanuni hii: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na upande bapa uko kinyume chake. Uzi unaingia kutoka upande wa mfereji mrefu. Basi tazama kile kishika-uzi cha mwisho kilicho juu ya sindano. Upande kilipo, ndipo mfereji uelekee. Wengi wanasema mashini yao "inaruka" kushona, kumbe sindano imegeuzwa tu.

SWALI LA NNE: MGUU UNA KIMO GANI?

Mguu ni kile chuma kinachokandamiza kitambaa. Humo ndimo mnapatikana mafaida. Kuna mguu wa kutia zipu, au tireti kama tunavyosema. Kuna wa kukunja pindo, wa kutia mikunjo kwenye gauni, na kuna chombo cha kutoboa vifungo. Fundi mwenye vyombo hivyo anafanya kwa saa moja kazi ambayo mwingine anaifanya siku nzima kwa mkono.

Ili usidanganyike, pima. Shusha mguu juu ya kibati, bila kitambaa. Chukua rula, pima kutoka kibati mpaka katikati ya skrubu inayoufunga mguu. Ukipata kama milimita 12 au 13, yaani nusu inchi, cherehani yako ni ya mguu mfupi. Ukipata kama milimita 25, yaani inchi moja, ni ya mguu mrefu, na nyingi za namna hiyo ni za kiwanda. Na kama nguzo yote ya mguu pamoja na sindano vimelala kwa mshazari, ni ukoo mwingine kabisa wa Singer ulioanza miaka ya 1950, nao una vyombo vyake peke yake.

Habari njema ni hii: Singer 15, 27, 28, 99 na 201 ni za mguu mfupi, na 66K ya Kilbowie pia. Butterfly na ndugu zake wa ukoo wa 15 ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mguu mfupi wa Kichina wa leo unaweza kufanya kazi kwenye cherehani ya bibi iliyotoka Clydebank kabla mama hajazaliwa! Lakini jihadhari na Singer 66 za Marekani za miaka ya mwanzo: nyingine zinafungwa mguu kwa nyuma, si kwa ubavu.

Mambo mawili ya kuongeza. Chombo cha mikunjo kina mkono wenye uma, na uma huo lazima ukamate skrubu ya sindano, usipoikamata, hakitembei. Na chombo cha kutoboa vifungo kinatikisa kitambaa chenyewe huku na huku, kwa kuwa sindano ya cherehani hizi inapanda na kushuka tu. Kwa hiyo meno yanayosukuma kitambaa lazima yashushwe au yafunikwe kwa kibati chake. Ukiuziwa chombo bila kibati, uliza kibati kiko wapi kabla ya kulipa.

SWALI LA TANO: MEZA, MKANDA NA MKONO

Machimboni umeme ni shida, hivyo cherehani ya mguu au ya mkono bado ni mali. Ukinunua meza peke yake, pima kitako cha kichwa kwanza. Kichwa kikubwa cha Singer kina urefu wa karibu sentimita 37 na upana wa karibu 18. Namba 28 na 99 ni fupi zaidi, karibu sentimita 31, na hazikai vizuri kwenye shimo la meza kubwa.

Mkanda wa ngozi una unene wa karibu milimita 5. Nunua mrefu, kama mita 1 na sentimita 80, kisha ukate mwenyewe. Mkono wa kuzungushia unahitaji gurudumu lenye miti kama ya baiskeli, na mahali pa kufungia skrubu kwenye nguzo. Gurudumu lako likiwa limezibwa lote, mkono hautashika mpaka ubadilishe gurudumu.

KAMA ILIINGIA MAJI

Wa Uvira hatujasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka kitandani mwake na kuingia nyumbani. Watu walikufa, nyumba zikaenda. Miaka iliyofuata ziwa nalo likapanda. Katika matope yale zilibaki cherehani nyingi, na nyingine bado zimekaa na kutu yake.

Usiitupe kabla ya kujaribu hivi. Pangusa udongo wote. Mahali popote chuma kinapogusana na chuma, dondoshea petroli ya taa, mbali na moto, uache usiku mzima. Kesho yake jaribu gurudumu kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma. Likikataa, ongeza, ngoja tena. Inaweza kuchukua siku nyingi. Usipige nyundo. Likizunguka, pangusa na utie mafuta mepesi ya cherehani.

Tunasema mafuta ya cherehani. Pande za kwetu mawese yako tele, na mtu anaona ni mafuta kama mafuta. Hapana! Mawese yanaganda ndani na kuwa kama gundi. Na mafuta mazito ya pikipiki yanaivuta cherehani nyuma na kuchafua vitenge vya watu.

Lakini tuseme ukweli pia. Kama chuma chenyewe kimepasuka, au meno ya ndani yamevunjika, pengine haitashona tena. Hata hivyo usiiuze nzima kwa kilo. Skrubu zake, mguu wake na gurudumu lake vinaweza kuponya dada yake mwingine aliye mzima.

KARATASI YA CHEREHANI

Leo jioni, kaeni pamoja nyumbani. Kijana mwenye macho mazuri asome namba, mwingine apime, mwingine aandike. Andikeni mistari mitano:

1. Namba iliyopigwa kwenye chuma, na namna yake kama inaonekana.
2. Kanete: bapa, iliyovimba, au naveti ndefu.
3. Sindano: yenye upande bapa au mviringo.
4. Mguu: milimita ngapi mpaka katikati ya skrubu.
5. Kitako: urefu na upana.

Mkiwa na simu, pigeni picha pia, na chini ya kibati vilevile. Na mtu anapokwenda sokoni, abebe chombo cha zamani mfukoni, hata kama kimevunjika. Chombo kilichovunjika kinasema vizuri kuliko mdomo.

Sasa mrudishe yule dada wa Misisi mbele ya meza ya muuzaji.

"Papa, natafuta nyumba ya kanete ya Singer 15. Kanete yake iko bapa. Kidole chake kiko hivi. Tazama, hii hapa ya zamani."

Safari hii muuzaji hacheki. Anainama, anatafuta, analinganisha viwili katika kiganja chake. Kama hana, anasema hana, na dada anarudi na pesa yake mfukoni. Kama anayo, kesho kutwa mlango mmoja wa Misisi utasikia tena mlio ule ambao mama aliujua: trrr, trrr, trrr.

Wewe nawe, ndugu msomaji, mwenye mizani anapopita, mwambie arudi siku nyingine. Kwanza ondoa redio, ufunue kitambaa, uitazame.